Pia, Mshumaa na Sayari: Historia ya Vitabu vya Picha vya Fizikia kwa Watoto

Vitabu vya picha vinavyowafundisha watoto fizikia na elimu ya nyota vina historia ya zaidi ya miaka 350 huko Ulaya na Marekani. Katika muda huo kazi ya picha ilibadilika: mwanzoni ilitaja vitu, baadaye ikaeleza jinsi vinavyotenda, kisha ikaonyesha yale ambayo jicho haliyafikii.

Mwaka 1658 mwalimu Johannes Amos Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha kitabu Orbis Sensualium Pictus mjini Nuremberg. Kilikuwa na masomo 150, kila somo na mchoro wake uliochongwa kwenye ubao. Sehemu za mchoro zilipewa namba, na namba zizo hizo zikarudiwa katika maelezo ya Kilatini na Kijerumani, hivyo mtoto alikiona kitu na kusoma jina lake papo hapo. Moto, hewa, maji, sayari na kupatwa kwa Jua na Mwezi vilikuwamo. Hata hivyo, anga lake lilikuwa la kale: mbingu ziliizunguka Dunia iliyotulia katikati, ingawa mwananyota Copernicus alikuwa amechapisha maoni tofauti tangu 1543.

Hatua ya pili ilianzia London. Mwaka 1761 John Newbery, mchapishaji mashuhuri wa vitabu vya watoto, alitoa kitabu kilichofafanua mafundisho ya Isaac Newton. Ndani yake kijana aitwaye Tom Telescope anawahutubia watoto wenzake. Sheria za mwendo zinaelezwa kwa pia na mipira. Katika somo la kupatwa, mshumaa unashika nafasi ya Jua, na mipira nafasi ya Dunia na Mwezi. Tangu hapo msomaji mdogo aliweza kufunga kitabu na kulijaribu somo kwa vitu vya nyumbani.

Mwandishi Jane Marcet aliuendeleza ufundishaji huo kwa mtindo wa mazungumzo. Kitabu chake cha kemia cha 1806 kilisomwa na mwanasayansi Michael Faraday alipokuwa bado mwanagenzi katika karakana ya kujalidi vitabu, na mwaka 1819 Marcet alitoa kingine cha fizikia. Faraday naye alikuja kuwahutubia vijana katika Royal Institution, taasisi iliyoanzisha mihadhara ya Krismasi mwaka 1825. Mihadhara yake juu ya mshumaa ilitoka kama kitabu mwaka 1861.

Katika karne ya 20 wachoraji walianza kurekebisha picha zenyewe. H. A. Rey, mzaliwa wa Hamburg aliyehamia Marekani, aliona kwamba mistari ya ramani za nyota haikufanana na majina ya makundi yake. Mwaka 1952 aliiunganisha upya, na kundi la Mapacha likaonekana kweli kuwa watu wawili. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha satelaiti ya Sputnik mwaka 1957, Marekani ilipitisha sheria ya 1958 iliyozipa shule fedha za kufundishia sayansi. Mwaka 1960 mwananyota Franklyn Branley alikuwa miongoni mwa walioanzisha mfululizo wa vitabu vya sayansi kwa watoto wanaoanza kusoma.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa vipimo. Dunia ikichorwa kwa upana wa sentimita 1, Jua linahitaji zaidi ya mita 1 na kuwekwa umbali wa takriban mita 117. Hakuna ukurasa unaotosha, kwa hiyo vitabu vingi huzisongeza sayari pamoja na kumpa mtoto wazo lisilo sahihi. Mwalimu Mholanzi Kees Boeke alipata suluhisho mwaka 1957. Alianza na msichana aliyeketi kitini, kisha kila picha ikachukua eneo lenye upana mara 10 zaidi, hadi kwenye galaksi. Akarudi kwa msichana na kuingia ndani hadi kwenye kiini cha atomu. Filamu ya wabunifu Charles na Ray Eames ya 1977 ilitokana na kazi hiyo.

Leo darubini za angani, kama Hubble iliyorushwa mwaka 1990, huvipatia vitabu vya watoto picha halisi za nebula na galaksi. Mchoro haujapoteza nafasi yake, kwa sababu kamera haipigi picha ya mvutano wala ya njia ya sayari. Hayo bado yanahitaji mkono wa mchoraji anayeielewa fizikia.