Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma

Eneo la uhifadhi mkoani Mtwara, mpakani na Msumbiji. Ilianzishwa mwaka 2000 na ina kilomita za mraba 650 hivi, sehemu kubwa ikiwa bahari. Iliyobaki ni mikoko, fukwe na vijiji kama Msimbati.

Umuhimu wake unatokana hasa na mkondo wa bahari. Mkondo wa Ikweta ya Kusini, ukipita kaskazini mwa Bukini, hulifikia bara karibu na pwani hii na kugawanyika: tawi moja huenda kaskazini hadi Kenya, jingine kusini. Mayai ya samaki na viluwiluwi vya matumbawe husafiri nao. Kwa hiyo mwamba wa matumbawe unaolipuliwa kwa baruti na wavuvi haramu Mtwara huweza kumnyima kitoweo mvuvi wa mbali asiyehusika kabisa.

Gesi asilia, iliyogunduliwa hapa mwaka 1982, huchimbwa ndani ya hifadhi. Hatari nazo hazijali mpaka: Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na wakazi wa Mtwara wakatakiwa kuhama maeneo ya hatari.

Tanzania na Msumbiji ni wanachama wa Mkataba wa Nairobi wa 1985 unaohusu bahari hii. Hata hivyo hifadhi inakomea mtoni, na hilo ni pungufu linalostahili kurekebishwa na nchi zote mbili.