Sumaku

Sumaku ni kitu kinachovuta chuma na metali chache nyingine, hasa nikeli na kobalti, na ambacho huzungukwa na eneo la nguvu liitwalo uga sumaku. Kila sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Sumaku ikikatwa vipande viwili haipatikani ncha moja peke yake. Kila kipande huwa sumaku kamili yenye ncha zake mbili.

Si kila metali huvutwa, na hapo wengi hukosea. Shaba, alumini na dhahabu hazivutwi kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo "dhahabu" inayonata kwenye sumaku ina chuma au metali nyingine inayovutwa ndani yake, lakini isiyonata bado haijathibitika kuwa dhahabu, maana shaba nayo hainati. Sumaku hupoteza nguvu ikigongwagongwa au ikipashwa moto mkali. Chuma chenyewe huacha tabia ya kuvutwa kwa nguvu kikifika sentigredi 770 hivi.

Uga wa dunia na dira

Dunia nayo ina uga sumaku, unaotokana na mwendo wa chuma kilichoyeyuka katika kiini chake. Mwingereza William Gilbert aliandika mwaka 1600 kwamba dunia nzima ni kama sumaku kubwa. Ncha ya dira inayoitwa ya kaskazini huelekea kaskazini kwa sababu huko, kwa lugha ya sumaku, iko ncha ya kusini ya dunia. Jambo hili huwachanganya wanafunzi kila mwaka.

Kwa mabaharia wa Unguja dira ina manufaa ya pekee. Kisiwa kiko digrii 6 hivi kusini mwa ikweta, na nyota ya kaskazini, inayoongoza vyombo vya nchi za kaskazini, haionekani kabisa. Uga wa dunia hapa haulali sambamba na ardhi: umeinama zaidi ya digrii 30, na sindano iliyoachwa huru huinua ncha yake ya kaskazini na kushusha ya kusini. Ndiyo maana dira iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya huweza kukwaruza sahani yake ikiletwa huku. Tena kaskazini ya dira si kaskazini halisi. Sindano hukengeuka digrii chache kuelekea magharibi, na kiasi hicho hubadilika polepole mwaka hadi mwaka.

Mwamba wa Mangapwani, kijiji cha pwani ya magharibi katika Wilaya ya Kaskazini B kinachojulikana kwa pango lake, ni wa matumbawe, yaani chokaa, nao hauisumbui dira. Kinachoisumbua ni kilichomo chomboni: nanga, mashine, spika ya redio, hata simu ya mkononi, ambayo ina sumaku ndani ya spika yake. Katika safari ya kilomita 40 kuelekea bara, kosa la digrii 10 hukipeleka chombo kilomita 7 kando ya mahali kilipokusudiwa. Usiku, au mvua inapoficha nchi kavu, hizo ni kilomita za kutosha kukikuta chombo juu ya mwamba.

Sumaku na mkondo wa umeme

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliopitishwa mkondo wa umeme. Waya huo ukiviringishwa kuwa koili, uga wake hujikusanya. Na chuma kikiwekwa katikati, uga huongezeka sana. Msumari uliozungushiwa waya wenye ganda la plastiki na kuunganishwa na betri ya tochi huokota pini. Waya ukifunguliwa, pini karibu zote huanguka. Jaribio liwe la muda mfupi, kwani waya hupata moto na betri huisha.

Michael Faraday alionyesha kinyume chake mwaka 1831: uga sumaku unaobadilika ndani ya koili huzalisha umeme. Sumaku iliyotulia haizalishi kitu, hata iwe na nguvu kiasi gani. Jenereta zote za mitambo ya maji na gesi hufanya kazi kwa kanuni hiyo, na transfoma vilevile.

Umeme wa Unguja

Unguja hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Ya kwanza, ya megawati 45, ilianza kazi mwaka 1980. Ya pili, ya megawati 100, mwaka 2013. Umeme huvuka kwa volti 132,000, kwa sababu volti zikiwa kubwa mkondo huwa mdogo, na joto linalopotea kwenye waya hupungua kwa mraba wa mkondo. Upande wa kisiwani transfoma huzishusha kwa hatua hadi 230 za nyumbani. Koili mbili za transfoma hazigusani. Kinachovusha umeme kati yake ni uga unaogeuka mara 100 kwa sekunde.

Kebo ya kwanza ilipokuwa peke yake, hitilafu moja ilitosha kukizima kisiwa. Ndivyo ilivyokuwa Mei hadi Juni 2008, na tena Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu za maji huendeshwa na mota, na mota ni koili na sumaku. Umeme ulipokatika maji nayo yalikatika, na watu wakarudi visimani.