Lenzi ya Kuazima

Kijana wa Mhunze afungaye lenzi ya Praktica katika bodi ya Canon hudhani amevumbua hila mpya, ilhali mafundi wa picha wa Unguja, zama za A. C. Gomes na studio yake mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wasingeona ajabu yoyote. Kwani katika kamera za mbao za wakati huo lenzi ilikazwa juu ya kibao, kibao kikichomolewa kingine kikaingia, na mvukuto wa ngozi ukasogezwa mbele na nyuma hata sura ikatulia juu ya kioo. Lenzi ya Dallmeyer wa London na ya Voigtländer wa Ujerumani zilikaa katika sanduku moja bila ugomvi.

Vikwazo vilikuja na kamera ndogo za filamu, ambazo hazina mvukuto, na ambazo lenzi zake lazima zikae mbali na filamu kwa kipimo kisichobadilika. Hata hivyo ukarimu haukutoweka mara moja: mwaka 1949 Contax S ya Dresden ilitoka na skrubu ya milimita 42, na Praktica, kisha Pentax na Zenit, zikaifuata, hata lenzi ya Warusi ikaingia katika kamera ya Wajapani. Nikon ilijitenga kwa kufuli lake la kufungia lenzi mwaka 1959, nayo Canon mwaka 1987 ikaliacha kufuli lake la zamani la FD na kuleta EF. Ni kweli kwamba EF ilileta mota ndani ya lenzi na mawasiliano ya umeme. Lakini mwenye sanduku la lenzi za FD alidhulumika, na sioni neno jingine la kulisema jambo hilo.

Adapta inayounganisha lenzi na bodi isiyo yake, basi, ni pete ya chuma tu, na siri yake ni hesabu. Lenzi ya skrubu ya milimita 42 hutaka milimita 45.46 toka kitako chake hadi kwenye filamu, na bodi ya EF ina 44. Pete ya milimita moja na nusu hivi huziba pengo, na mpiga picha akubali kuzungusha kwa mkono mwanga na masafa. Bodi ya Nikon F ina 46.5: lenzi imekwisha kuwa mbali mno kabla pete haijawekwa. Tuseme ni msimu wa ngoma za Wasukuma baada ya mavuno, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana uwanjani: mchezaji wa karibu atatoka wazi, na umati ulioko ng'ambo pamoja na mbuga za Kishapu nyuma yake vitabaki ukungu, isipokuwa adapta iwe na kioo cha kurekebisha, ambacho aghalabu huipunguzia picha ubora.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi zimelegeza mambo. Bodi ya Sony NEX ya mwaka 2010 ina milimita 18 tu, na pete yake ya lenzi ya skrubu ni bomba refu la milimita 27 na ushei.

Nawe msomaji unayetaka kununua adapta, usiulize bei kwanza: chukua bodi na lenzi mpaka dukani, elekeza kamera kwenye mti wa mbali kabisa, na kama hauonekani wazi, irudishe pete hiyo kabla hujatoa fedha.