Rejesho na Mbalamwezi: Hoja Kuhusu Mikopo ya Biashara Ndogo

Mjadala wa mikopo ya biashara ndogo nchini Tanzania umetawaliwa na riba. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iwagawe watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia benki hadi vikundi vya kijamii, swali linaloulizwa zaidi ni "asilimia ngapi kwa mwezi?" Benki Kuu ilijibu kwa kuweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana, na Novemba 2024 ikazitaja hadharani programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hizo zilihitajika. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba mfanyabiashara mdogo mara nyingi huangushwa na ratiba ya marejesho, na kwamba ratiba hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza, kabla ya riba na kabla ya dhamana.

Tumwangalie mchuuzi wa dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukipevuka hawakusanyiki tena kwenye taa. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za giza, ambapo mitumbwi hurudi na mzigo, na kuna siku za mbalamwezi, ambapo mwalo, yaani ufuko wa kushushia mzigo, hupoa. Mchuuzi hununua kwa ndoo, huanika juu ya mchanga au chanja, hugeuza, na kuomba mvua isinyeshe, maana dagaa walionyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku. Kisha hujaza magunia, huyapeleka kwenye soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, na pengine huuza kwa mali kauli, akisubiri mnunuzi naye auze ndipo alipwe. Tangu fedha imtoke mkononi hadi imrudie, wiki tatu zinaweza kupita.

Sasa mpe mchuuzi huyo mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi sita, unaorejeshwa kila wiki kwa wiki 24, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Riba inafika shilingi 210,000, na rejesho la wiki ni kama shilingi 50,400. Rejesho la kwanza linadaiwa siku ya saba, dagaa wakiwa bado kwenye chanja. Analipa kwa fedha ileile aliyokopa, yaani tangu siku ya kwanza hakuweza kuiingiza milioni yote katika biashara. Mwezi unapevuka, mwalo hauna kitu, rejesho liko palepale. Hapo ndipo anapokopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza, na mikopo ya riba kubwa ambayo watu wameipa jina la kausha damu inapata mlango. Yule wa kwanza alikuwa na leseni, na riba yake ilikuwa ndani ya kikomo.

Hesabu hiyo ina jambo jingine. Kwa kuwa deni hupungua kila wiki, wastani wa fedha ya mkopeshaji inayokuwa mikononi mwa mchuuzi kwa miezi yote sita ni kama shilingi 520,000 tu, ilhali riba imepigwa kwa milioni nzima. Ukilinganisha hizo mbili, riba anayobeba ni karibu asilimia 7 kwa mwezi. Ratiba, basi, ni sehemu ya bei ya mkopo, na sheria inayopima riba peke yake imepima nusu ya bei.

Mikopo ya halmashauri inatufundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na kuikopesha bila riba. Aprili 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa, nayo ikarejea kwa utaratibu mpya mwaka 2024. Sehemu ya tatizo ilikuwa vikundi hewa, na hilo hakuna ratiba ingeliponya. Lakini ni wazi kwamba kuifuta riba hakutoshi.

Wakopeshaji wana hoja nzito. Rejesho la kila wiki, lililoenezwa na Muhammad Yunus na benki yake ya Grameen huko Bangladesh, humwonyesha mkopeshaji mapema nani analegea, na husimama mahali pa hati ya nyumba ambayo mkopaji hana. Utafiti wa Erica Field na wenzake uliofanyika Kolkata, India, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza badala ya wiki mbili. Walioachiwa nafasi waliwekeza zaidi, na baadaye faida yao ikawa kubwa zaidi. Pia walioshindwa kulipa waliongezeka. Matokeo haya yanapaswa kusomwa yote mawili. Nafasi inayotolewa kwa kila mtu bila kuangalia biashara yake ina gharama, na mkopeshaji hawezi kulaumiwa kwa kuiogopa.

Ninachokitetea ni ratiba inayofuata kalenda ya biashara yenyewe: marejesho makubwa siku za giza, madogo au yasiwepo kabisa siku za mbalamwezi. Mwezi hauwezi kusingiziwa, kila afisa mikopo anaweza kuutazama. Kwa biashara nyingine kalenda iko kwenye daftari. Muuza sare za shule akileta kumbukumbu za mauzo na taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima, kilele cha mauzo cha Januari kitaonekana bila kubishaniwa. Wengi huenda kukopa na leseni, namba ya mlipakodi, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini, daftari wakaliacha nyumbani.

Ombi langu kwa Benki Kuu ni kwamba kila mkataba uonyeshe, kwenye ukurasa wa kwanza, tarehe ya rejesho la kwanza na riba iliyopigwa kwa deni linalopungua. Nawe unayejiandaa kwenda kukopa, usitie sahihi kabla hujahesabu ni marejesho mangapi yataangukia siku ambazo biashara yako haiingizi hata shilingi.