Gesi ya Ziwa Kivu na Ahadi ya Mnunuzi

Askari anayeshika zamu ya usiku katika mwambao wa Rubavu, mji ambao ramani za zamani zauita Gisenyi, huona taa za namna nyingi. Ziko taa za wavuvi wa sambaza, ambao hufunga mitumbwi yao mitatu mitatu kwa miti mirefu na kuwavuta kwa mwanga samaki hao wadogo, walioletwa humo kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kaskazini, iwapo mawingu hayakuuziba mlima, huonekana wekundu wa Nyiragongo. Na kusini, upande wa Nyamyumba, ziko taa za mitambo inayovuta gesi kutoka kilindini. Wavuvi na mlima wamezoeleka tangu zamani, lakini taa hizo za tatu zilichukua zaidi ya nusu karne kuwaka. Sababu ya kuchelewa kwao haikuwa uhaba wa gesi, wala haikuwa ujinga wa mafundi. Sababu ilikuwa fedha, au kwa usahihi zaidi, namna ya kuzipanga.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 mahali palipo pa chini kabisa. Maji yake hayachanganyiki kama ya maziwa mengine. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na kwa gesi, na hulala chini ya maji mepesi kama mafuta na maji vinavyokataana ndani ya chupa moja. Katika maji hayo ya chini wataalamu wamekadiria kuwa zimo kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya ukaa na zipatazo 60 za methani, yaani ile gesi inayowaka. Mtafiti wa Kibelgiji, Damas, alichota maji ya kilindini katika miaka ya 1930 na kuona yakitoa mapovu; katika miaka ya 1950 Wabelgiji wengine walithibitisha kwamba sehemu ya mapovu hayo ni methani.

Aliyeitumia kwanza hakuwa jeshi wala serikali wala hospitali, bali kiwanda cha bia. Bralirwa ilianzishwa Gisenyi mwaka 1957. Kupika kimea kwahitaji mvuke, na mvuke wahitaji moto. Mafuta ya kuwasha moto huo yalikuwa yakisafirishwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bandari za Bahari ya Hindi. Mwaka 1963 mtambo mdogo uliojengwa na kampuni ya Kibelgiji ulianza kazi katika rasi ya Rubona, jirani kabisa na kiwanda. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Bomba lilishushwa mita mia kadhaa, maji yakavutwa kwa pampu mara ya kwanza tu, na yalipopanda gesi ikaanza kutoka kama soda inavyofanya chupa ikifunguliwa. Maji yenye mapovu huwa mepesi, kwa hiyo yakaendelea kupanda yenyewe bila pampu. Juu, gesi ilioshwa kwa maji ya ziwa, ambayo hunywa hewa ya ukaa kwa urahisi na kuiacha methani. Methani hiyo ikapelekwa kwenye boila za kiwanda.

Mtambo huo uliendelea kutumika kwa miaka takriban 40. Waliopita njia ya Rubona katika muda huo wote waliona uthibitisho kwamba gesi ya Kivu inatolewa, inasafishwa na inawaka. Hata hivyo mji wa Gisenyi haukupata hata taa moja kutokana nayo. Swali la kwa nini ndilo lenye mafunzo mengi kuliko habari ya mtambo wenyewe.

Kiwanda cha bia kilikuwa mnunuzi mmoja, aliye karibu, mwenye uwezo wa kulipa, na aliyejua kila siku ni mafuta kiasi gani ameyaokoa. Hapakuhitajika ruzuku yoyote. Bei ya mafuta ya kuagizwa ilikuwa motisha tosha. Lakini mtambo wa kuzalisha umeme kwa taifa ni jambo jingine. Wahitaji mamilioni ya dola kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa, na mnunuzi wake ni shirika la umma ambalo wateja wake wengi ni maskini. Benki haimkopeshi mtu kwa sababu ziwa lina gesi. Humkopesha kwa sababu yupo aliyetia saini kwamba atainunua.

Tena ziwa ni la nchi mbili. Rwanda na Zaire zilipatana mwaka 1975 kuhusu matumizi ya pamoja ya gesi hiyo. Tarehe 20 Septemba 1976, Rwanda, Zaire na Burundi zilitia saini, hapo hapo Gisenyi, mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ambao uliutaja usalama wa mataifa hayo miongoni mwa shabaha zake kuu. Makao makuu yakawekwa mjini humo. Kwa upande wa umeme jumuiya hiyo iliacha alama moja ya kudumu, kituo cha Rusizi II kilichoanza mwaka 1989 na kumilikiwa na nchi zote tatu. Kampuni ya pamoja ya gesi nayo ilianzishwa mwaka 1990. Oktoba mwaka huo vita vilianza, na mwaka 1994 yakafuata Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Mwenye fedha hakuweza kufikiriwa katika hali hiyo, na hapana haja ya kulieleza zaidi kwa wasikilizaji ambao wengi wao wanaijua vita kwa macho yao.

Kilichoirudisha gesi mezani ni giza. Mwaka 2004 maji ya maziwa ya Burera na Ruhondo, yanayoviendesha vituo vya Ntaruka na Mukungwa, yalipungua vibaya. Mvua ilikuwa haba, mitambo ilikuwa imeyatumia maji kupita kiasi, na bwawa la Rugezi lililokuwa likiyahifadhi lilikuwa limekaushwa kwa ajili ya kilimo. Rwanda ikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Bei ya umeme, ambayo mwanzoni mwa mwaka huo ilikuwa takriban franka 42 kwa uniti, ilipanda hadi takriban franka 112 mwaka 2006. Tangu hapo kila uniti ya umeme wa nyumbani ilikuwa na kipimo: je, ni rahisi kuliko dizeli? Watu walioiona gesi ya Kivu kuwa ghali walilazimika kupiga hesabu upya.

Serikali ilianza kwa mkono wake. Mwaka 2008 mtambo wa majaribio uitwao KP1 ulianza kutoa umeme katika ziwa upande wa Rubavu. Uwezo wake uliandikwa kuwa megawati 3.6, ingawa katika uendeshaji haukuufikia. Wako waliouita hasara. Hukumu hiyo ni kali mno, maana baada ya KP1 wakopeshaji hawakuweza tena kusema kwamba jambo hilo halijapata kufanywa.

Mwaka 2009 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya ContourGlobal kwa mradi wa KivuWatt, kusini zaidi, Kibuye, ambayo sasa ni wilaya ya Karongi. Kiini cha mkataba huo kilikuwa ahadi ya shirika la umeme la Rwanda kununua umeme kwa miaka 25. Juu ya ahadi hiyo ndipo mambo mengine yalipojengwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika na mashirika ya fedha ya Ulaya yakatoa mikopo ya muda mrefu, na shirika la dhamana la kundi la Benki ya Dunia, MIGA, likaikinga mitaji dhidi ya hatari za kisiasa kwa kiasi cha zaidi ya dola milioni 95. Mtambo wa megawati 26 ulianza kazi mwishoni mwa mwaka 2015, na Rais Paul Kagame akauzindua mwezi Mei 2016. Mwaka 2015 pia, kampuni ya Symbion ilipewa mkataba kwa upande wa Rubavu. Mradi huo ndio uliogeuka kuwa Shema, wenye uwezo wa megawati 56, ambao mitambo yake imeunganishwa na gridi hatua kwa hatua katika miaka ya 2020. Hizo ndizo taa za Nyamyumba.

Ahadi kama hiyo haikutolewa kwa gesi peke yake. Mto Sebeya, unaoingia ziwani hapo Rubavu, una vituo vidogo vya maji vya Gisenyi, Gihira na Keya. Kwa ajili ya vituo vya namna hiyo, mwaka 2012 mamlaka ya udhibiti, RURA, ilitangaza orodha ya bei: mwenye mtambo wa maji wa kilowati 50 alihakikishiwa senti 16.6 za dola kwa uniti, na bei ikashuka kwa kadiri mtambo unavyokuwa mkubwa, hadi senti 6.7 kwa megawati 10. Mwenye mto hakuhitaji tena kwenda kubembeleza ofisini ili ajue atalipwa nini. Zaidi ya hayo, alilipwa kwa umeme uliofika kwenye waya. Zege aliyoimwaga haikumpatia senti.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, na ndiyo iliyoamua mengi. Mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa gesi ya samadi kwa kaya za vijijini, ambapo ruzuku ya takriban franka 300,000 ilitolewa kwa kila shimo lililojengwa. Mashimo yalijengwa kweli. Miaka kadhaa baadaye, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zilieleza kwamba mengi yalikuwa yameacha kufanya kazi: ng'ombe aliuzwa, bomba lilivuja, fundi alikuwa mbali. Ruzuku ilikuwa imelipia ujenzi, na ujenzi ndio uliopatikana. Katika magereza habari ilikuwa tofauti. Huko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilijenga mitambo mikubwa ya kinyesi kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, ikapunguza kuni za jikoni kwa karibu nusu, na kupata tuzo ya Ashden mwaka 2005. Askari magereza waliosimamia majiko hayo waliona rundo la kuni likipungua kila wiki, nao hawakuhitaji kushawishiwa na mtu kuitunza mitambo. Malighafi, kwa bahati, haikukosekana.

Kwa mwananchi wa kawaida kizuizi kilikuwa ada ya kuunganishiwa waya. Mpango wa kueneza umeme ulipoanza mwaka 2009, kaya zilizokuwa na umeme nchini zilikuwa takriban 6 katika kila 100. Serikali ikaifanya ada kuwa franka 56,000, pungufu sana ya gharama halisi, na ikakubali ilipwe kidogo kidogo. Nyuma ya hapo, kuanzia mwaka 2007, shirika la umeme la Electrogaz lilikuwa limewauzia wateja balbu za kubana umeme kwa bei ya chini, wakirudisha zile za zamani zinazokula umeme. Balbu ilikuwa njia rahisi kuliko zote: megawati ambayo haikutumiwa saa moja ya usiku haikuhitaji jenereta ya kukodi.

Liko lakini jambo moja ambalo bei kwa uniti hailioni. Tarehe 21 Agosti 1986, huko Kamerun, Ziwa Nyos lilitapika hewa ya ukaa usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa usingizini na mifugo yao, wengine wakiwa umbali wa kilomita zaidi ya 20. Ziwa Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu, na kando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni mbili. Kinachoishikilia gesi ya Kivu chini ni zile tabaka za maji. Kutoa gesi kwa uangalifu hupunguza hatari. Kuitoa ovyo kwaweza kuiongeza, maana maji yaliyokwisha kutolewa gesi yapaswa kurudishwa ziwani, na mahali yanaporudishwa ndipo penye shughuli. Yakirudishwa karibu na juu, gharama ni ndogo na faida ni kubwa. Lakini chumvi na sumu za kilindini huwafikia samaki, na tabaka hudhoofika. Yakirudishwa chini kabisa, tabaka husalimika ila gesi iliyobaki huzimuliwa. Kampuni inayolipwa kwa uniti, ikiachwa peke yake, itachagua bomba fupi.

Ndiyo maana mwaka 2009 wataalamu wa kimataifa waliandika masharti ya uendeshaji wa ziwa, yakieleza kina ambacho maji yavutwe na kina ambacho yarudishwe, na mikataba ikafungwa na masharti hayo. Kuyasimamia kulikabidhiwa Mpango wa Uangalizi wa Ziwa Kivu, wenye makao yake Rubavu, ambao wapimaji wake hushusha vyombo ziwani na kusoma joto, chumvi na gesi tabaka kwa tabaka. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na ardhi ya Gisenyi na Goma ikatikisika kwa siku kadhaa, kuta zikipasuka na watu wakilala nje, swali la kwanza lililoulizwa kuhusu ziwa lilikuwa kama tabaka zimesogea. Vipimo vilionyesha kwamba zilikuwa mahali pake.