Kichanganuzi cha oksijeni, hitilafu za
Kichanganuzi cha zirkonia, ambacho hutiwa katika dohani ya boila ili kubainisha kiasi cha oksijeni kilichosalia baada ya mwako, hakiwezi kutoa hesabu ya kusadikika mpaka seli yake ipate joto la takriban nyuzi 700 za sentigredi. Ndiyo sababu alama za hitilafu zitokeazo katika kioo chake, ijapokuwa hutofautiana kwa kila mtengenezaji, aghalabu huhusu hita iliyokatika au waya wa kupimia joto uliolegea, wala si seli yenyewe, ambayo mafundi wenye pupa huilaumu kwanza. Seli hujaribiwa kwa hewa safi, yenye oksijeni asilimia 20.9: ikiwa nzima, kwa kuwa pande zake mbili zimelingana kwa oksijeni, volti zake hukaribia sifuri.