Kompyuta Inapoelemewa

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo lilipolegezwa miaka ya 80, mashine zikaanza kuja kidogo kidogo. Mwaka 1995 ikatoka Windows 95, ikitaka memori ya megabaiti 4 kwa uchache. Windows XP ya 2001 ikataka 64. Windows 11 ya 2021 ikadai gigabaiti 4, yaani zaidi ya mara elfu ya ile ya 1995!

Memori ni kama chumba cha kupanga hapa Magomeni. Kikijaa, vyombo vinatolewa koridoni. Ukitaka sufuria, sharti utoe kingine ndipo uiingize. Kompyuta nayo huhamishia mizigo kwenye diski, yenye mwendo wa kobe. Hapo ndipo inaganda.

Adha hiyo naijua. Riwaya yangu naichapa steshenari moja ya Mapipa, kwenye mashine ya mtumba, nalipia kwa saa. Nabonyeza herufi, nasubiri. Sura ya tatu imekula nauli yangu ya wiki nzima.

Herufi "a" ni ile ile ya 1995. Uzito umeongezwa na wengine, wanaolipa ni sie. Basi waandishi wenzangu, tumalizane kwanza na daftari. Kompyuta ije mwisho.